Anti wa Bajeti: LUKU inakimbia, maji yameingia ndani, gesi haifiki mwisho wa mwezi

Wapendwa, meseji zenu za mwezi huu nimezisoma zote. Kitu kimoja kimeniumiza, wengi mkipigwa na jambo mnaanza kwa kupunguza chakula cha watoto au kukimbilia mkopo kabla hamjajua hela inatorokea wapi. Mi hilo sikubaliani nalo kabisa, kwanza tujue tundu liko wapi ndo tuzungumze habari ya kuziba. Bei nitakazotaja zinapanda na kushuka, wewe angalia za kwako.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Mbagala, tumepanga vyumba viwili na sebule, mita ni ya kwetu peke yetu. Shida yangu ni LUKU, zamani nikiweka elfu kumi mwanzo wa mwezi napata karibu uniti 70 nakaa nazo mwezi karibia wote, sa hivi elfu kumi ile ile napata uniti 23 na pointi na wiki haijaisha umeme umekata. Vitu nilivyonavyo ni friji, feni mbili, TV na pasi, hamna cha ajabu. Mwezi wa sita nilianza kuuza barafu za ubuyu hapo shuleni. Mume wangu anasema mita imechezewa, jirani anasema kuna fundi anaifungua anaiweka sawa kwa elfu thelathini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. La kwanza kabisa huyo fundi wa elfu thelathini achana naye leo hii, kuchezea mita ni kosa la jinai na watu wamekufa kwa shoti kwenye hizo kazi, hiyo hela nunulia sukari ya barafu zako. Halafu mita yako naona haina tatizo, hesabu zako mwenyewe zimeshanijibu.

Iko hivi. Mtumiaji mdogo wa nyumbani anakuwa kwenye daraja linaloitwa D1, uniti ni sh 100, ukiweka VAT na makato mengine inafika 122, ndo maana watu wanasema ukitoa 9,150 unapata uniti 75. Ukivuka hizo 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya juu yake inakuwa sh 350 kabla ya makato, na ukizoea kuvuka unahamishiwa Tarifu 1 ambako uniti ni 292, na makato yake inafika kama 356. Sasa chukua elfu kumi yako utoe sh 1,500 ya kodi ya jengo, ile inayokatwa ukinunua umeme kwa mara ya kwanza kila mwezi, inabaki 8,500. Gawanya kwa 122 unapata 69 na pointi, hizo ndo 70 zako za zamani. Gawanya kwa 356 unapata 23 na pointi. Umeona? Umehamishwa daraja, na kwa nilivyosoma barua yako umehama baada ya friji kuanza kugandisha barafu usiku na mchana.

Kwa hiyo swali siyo mita, swali ni friji yako inakula kiasi gani. Usiku watoto wakilala zima na chomoa kila kitu, friji nayo chomoa kidogo, nenda kwenye mita uangalie kile kitaa chekundu kinachopepesa. Kila kitu kikiwa kimezimwa kitaa kinatakiwa kitulie, kikiendelea kupepesa jua kuna waya unapeleka umeme mahali hujui, hapo ndo unawaita TANESCO. Kikitulia, washa friji peke yake, andika uniti zilizobaki saa nne usiku halafu andika tena saa kumi na mbili asubuhi. Tuseme zimepungua moja na nusu. Saa nane ni theluthi ya siku, kwa hiyo kwa siku ni uniti nne na nusu, kwa mwezi 135, yani friji peke yake imeshavuka 75 kabla hujawasha hata taa. Friji ndogo ikiwa nzima haikugandishii biashara inatakiwa icheze kwenye uniti moja kwa siku au pungufu.

Sasa mlango. Chukua noti, ifungie kwenye mlango wa friji nusu ndani nusu nje, halafu ivute. Ikichomoka kirahisi ile raba ya pembeni imechoka na baridi inatoka muda wote, mota haipumziki. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo, juu, chini, na hasa ule upande wa bawaba. Mara nyingi inakuwa imeganda uchafu tu, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ipate kulainika, ikishindikana mwambie fundi friji abadilishe raba, ni bei ndogo ukilinganisha na unachopoteza kila mwezi. Isogeze friji mbali na ukuta hata shibiri moja nyuma kupate hewa. Barafu ikiwa nene kwenye friza zima iyeyuke yenyewe, tafadhali sana usichokonoe na kisu maana ukitoboa ule mrija gesi inatoka na hapo unaongelea friji nyingine.

Na biashara yako naiheshimu sana, ila umeme wake uuhesabu kama mtaji. Uniti nne na nusu kwa 356 ni kama sh 1,600 kwa siku. Ukiuza barafu 40 za mia mia ni elfu nne, humo toa 1,600 ya umeme, halafu sukari, ubuyu, rangi, mifuko, ndo uone kinachobaki. Kama baada ya hapo hupati kitu cha maana, ama ongeza idadi maana friji itakula karibu ule ule, ama gandisha siku za shule tu, ijumaa jioni mpaka jumapili mchana punguza baridi iwe ya kawaida. Ukishashuka chini ya 75 kwa miezi kadhaa nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lenu uulize habari ya kurudishwa D1.

La mwisho kwako, ile kodi ya jengo. Kisheria ni ya mwenye nyumba wala siyo ya mpangaji, ni 18,000 kwa mwaka, na usiponunua umeme miezi mitatu ukija kununua unakatwa ya miezi yote kwa mpigo. Tunza zile risiti za meseji, siku ya kulipa kodi ya nyumba muonyeshe mwenye nyumba kwa upole umwombe akate humo. Wengi wanakubali wakionyeshwa maandishi.

SWALI: Anti habari. Niko Tandale. Mvua ya juzi imejaza maji ndani mpaka magotini, godoro limelowa, friji imelowa chini, vyeti vyangu vya shule na vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa kwenye droo ya chini. Maji yametoka lakini nyumba inanuka na nina laki moja na nusu tu mkononi. Nianze na nini, kaka yangu anasema tuwashe friji tuone kama imepona.

JIBU: Pole sana mpenzi wangu, pole na familia nzima. Friji msiwashe, mwambie kaka yako nimemsihi. Kama meini swichi au soketi za chini ziliguswa na maji msiwashe chochote mpaka fundi umeme apite. Friji iliyolowa chini inaweza kuwa nzima kabisa ila ukiiwasha na maji ndani ya mota ndo unaiua mwenyewe, na wewe ukiishika unaweza kuondoka nayo. Igeuze nyuma yake iangalie upepo, ile sehemu ya mota na nyaya ikauke siku kadhaa, halafu fundi aipime kabla ya kuchomeka.

Vyeti ndo vya haraka leo hii. Usivianike juani na usivipige pasi, wino unakimbia na karatasi inajikunja. Vitenganishe taratibu kimoja kimoja, vikigandana usivute kwa nguvu, viloweshe kidogo kwa maji safi viachiane vyenyewe. Vilaze juu ya kitambaa safi kivulini penye upepo, vikikaribia kukauka viweke katikati ya karatasi nyeupe na kitu kizito juu ili vinyooke. Kabla ya hapo vipige picha kwa simu hata vikiwa vimelowa, uwe na namba za vyeti, maana ukija kuomba nakala RITA, kwa wale wa vyeti vya kuzaliwa, au baraza la mitihani kitu cha kwanza utaulizwa ni namba na tarehe. Vikipona vinunulie bahasha ya plastiki uvitundike juu kabisa karibu na dari.

Hiyo laki na nusu mi ningeigawa hivi. Kwanza sabuni, jiki na maji ya kunywa, hayo maji ya mafuriko yamepita vyooni kwa hiyo sakafu, kuta mpaka yalipofika, vyombo na midoli ya watoto vyote vioshwe kwa sabuni kwanza ndo jiki ifuate, na maji ya kunywa chemsheni wiki hizi, kipindupindu hakina mchezo. Viatu vaeni mkisafisha. Pili, pa kulala. Godoro la sponji lililonywa maji machafu halisafishiki hata likae juani mwezi, juu linakauka katikati linabaki na uchafu na ukungu, mtoto mwenye kifua ataumwa. Najua inauma lakini litoe. Nunueni mkeka mzuri na blanketi kwanza, mkilala kwenye mkeka mkavu wiki mbili tatu hamtakufa, halafu godoro jipya ndo lifuate, kabla ya friji na kabla ya kochi. Nguo zioshwe zote, msitupe nguo kwa ajili ya harufu.

Halafu nenda serikali ya mtaa uandikishwe kwamba uliathirika. Misaada ikija inafuata ile orodha, na wengi wanakosa kwa sababu walikuwa bize wanasafisha. Na kwa kuwa masika yanaanza machi mpaka mei na vuli oktoba mpaka desemba, kabla ya miezi hiyo pandisheni vitanda juu ya matofali, soketi za chini mwambie mwenye nyumba azipandishe usawa wa kifua. Hiyo ni kazi ya fundi ya siku moja tu.

SWALI: Mdogo wangu habari za kazi. Mimi ni mstaafu nipo Morogoro na wajukuu wanne. Mtungi wa gesi wa kilo 6 zamani ulikuwa unanifikisha karibu mwezi sasa hivi siku kumi na tano umeisha, nimeshaanza kurudi kwenye mkaa na mkaa nao umekuwa dhahabu. Tunapika maharage karibu kila siku, na makande. Nishauri.

JIBU: Shikamoo dada yangu. Hapo kuna mambo mawili, ama hupewi gesi kamili ama gesi inakwenda kwenye maharage, na inawezekana vyote viwili.

Ukienda kubadilisha mtungi mara hii usikubali kupewa hivi hivi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale juu kwenye mtungi wenyewe, ujumlishe na 6, mwambie muuzaji aupime mbele yako. EWURA, ile mamlaka inayosimamia nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani, kwa hiyo akisema hana mizani nenda duka la pili bila aibu. Ukifika nyumbani chukua povu la sabuni upake kwenye reguleta na kwenye mpira wote mpaka jikoni, povu likitoa mapovu mapya panavuja, funga mtungi ubadilishe mpira. Dada usije ukapima kwa kiberiti hata mtu akikwambia ndo wanavyofanya. Na angalia moto wako, unatakiwa uwe wa bluu, ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi vile vitundu vya jiko vimeziba, vichokonoe kwa sindano jiko likiwa limezimwa.

Sasa maharage. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji weka mapya, hiyo peke yake inakupunguzia muda mwingi wa moto. Chumvi na nyanya weka yakishaiva, nyanya inayafanya yakaze. Halafu kuna njia ambayo mi naipenda kuliko zote na haina gharama, kupika kwenye kapu. Tafuta kapu kubwa au boksi gumu, lijaze mablanketi chakavu au mto wa pamba, acha shimo katikati la kukaa sufuria. Maharage yaliyolowekwa au makande yachemshe kwa moto mkali kama nusu saa, yawe yanachemka kweli kweli na mfuniko umefunga vizuri, halafu toa sufuria na mfuniko wake uitumbukize kwenye kapu chap chap, funika juu kwa mto mzito usiwe na upenyo, usifunue. Baada ya saa tatu nne fungua, yatakuwa yameiva au yamebakiza kidogo, rudisha motoni yachemke tena uunge. Wali ndo rahisi zaidi, ukishachemka dakika tano unamalizikia kwenye kapu. Sufuria iwe imejaa maana ndogo iliyo nusu inapoa haraka, na lile la nusu saa ya kuchemka usilipunguze hasa kwa maharage mekundu, yasipochemshwa vizuri yanaumiza tumbo.

Kama wajukuu au watoto wako wanataka kukununulia zawadi, waambie jiko la presha la umeme. Bei yake inauma ukilipa, ila la wati 1000 likipika maharage yaliyolowekwa halifiki nusu uniti, kwa sababu likishapata presha linazima lenyewe linawaka kidogo kidogo. Nusu uniti hata kwa Tarifu 1 haizidi sh 180. Kopo la mkaa huwezi kulipata kwa hela hiyo. Watu wengi bado wanaogopa kupikia umeme kwa sababu ya yale majiko ya koili ya zamani, hili ni jambo tofauti kabisa.

SWALI: Anti nimenunua debe tatu za maharage Mbeya bei nzuri, wiki ya sita naona yanatoboka vitundu na unga unga chini ya gunia. Kuna mtu kaniambia niweke vidonge vya agrovet.

JIBU: Vidonge hapana, hapana kabisa. Vile vya kufukizia nafaka vinatoa gesi ya sumu, familia zimeangamia kwa kulala chumba kimoja na gunia lenye kidonge. Nyumbani kwa watu haviingii.

Chukua turubai, yamwage yote, chekecha vumbi, yaliyotoboka sana toa wape kuku. Mazima yaanike jua kali siku mbili ukiyageuza geuza, wadudu wazima wanakimbia na mengi ya yale mayai na watoto walioko ndani wanakufa. Yapoe kabisa kwanza usiku, kisha nunua ile mifuko ya kinga njaa, ina mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje wa kawaida. Kila mmoja unaufunga peke yake kwa kamba baada ya kukamua hewa. Kazi yake ni moja tu, mdudu anamaliza hewa iliyomo ndani anakufa, hakuna dawa yoyote. Usiwe unafungua kila siku kuchota, toa ya mwezi weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mengine yafunge yakae. Kwa kiasi kidogo hata dumu kavu la lita 20 linafaa, mradi ulijaze mpaka shingoni na mfuniko ukaze.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni baba wa watoto wawili nipo Kimara. Kiwandani tulipunguzwa kazi huu mwezi wa tatu. Nilikopa kwenye aplikesheni ya simu laki mbili, nikachelewa, sasa wanatuma meseji kwa ndugu zangu na mpaka mchungaji wangu kwamba mimi ni tapeli. Mke wangu anataka akachukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku, tulipe yaishe. Kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao. Usiku silali.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na usione haya, kupunguzwa kazi siyo kosa lako. Nitakujibu kwa urefu maana hili limewapata wengi.

Mama asichukue kausha damu. Tufanye hesabu, anakopeshwa laki moja anaambiwa arudishe elfu tano kila siku kwa siku 26, hiyo ni laki na thelathini, na marejesho yanaanza kesho yake wakati wewe huna kipato cha siku. Siku ya nne atakopa kwingine alipe hapa. Wakija wanabeba kitanda na TV mbele ya watoto. Deni la kulipa deni bila kipato kipya halijawahi kumaliza deni.

Hawa wa aplikesheni, wanachofanya siyo halali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, kaangalie kama ya kwako imo. Meseji zote alizopokea mchungaji na ndugu piga skrinshoti utunze, nenda polisi ukafungue malalamiko, na peleka pia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sababu namba za watu wako walizichukua kwenye simu yako wakazitumia kukudhalilisha. Ingia kwenye setingi za simu uinyime hiyo aplikesheni ruhusa ya majina na picha. Halafu watumie ndugu meseji moja fupi mwenyewe, nina deni, nalishughulikia, meseji za hao watu msizijibu. Ukishasema mwenyewe wanakosa cha kukutishia. Deni lenyewe ulilokopa bado lipo, sikwambii ulikimbie, nakwambia lisije likatangulia mbele ya ugali wa watoto.

Sasa upande wa kuingiza. Kiwandani ulikuwa unakatwa NSSF? Kama ndiyo kuna fao la upotevu wa ajira na nashangaa watu wangapi hawalijui. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, akaachishwa siyo kuacha mwenyewe, anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kila mwezi mpaka miezi sita. Beba barua ya kupunguzwa, kitambulisho, namba ya uanachama, nenda ofisi yao kesho asubuhi. Kama kiwandani hawakukupa barua, idai, ni haki yako, na ulizia malipo yako ya mwisho yote.

Mwenye nyumba, usisubiri siku ya kodi. Nenda wiki hii na kitu mkononi hata kidogo, mwambie ukweli, omba ulipe mwezi mwezi badala ya miezi sita, muandikishane kwenye karatasi mkaweke sahihi na shahidi. Wenye nyumba wengi kinachowakera ni mpangaji anayezima simu.

Shule, kama watoto wako serikali ada hakuna tangu 2016, inayobaki ni michango na sare. Nenda kamuone mwalimu mkuu ana kwa ana umweleze hali. Mtoto asibaki nyumbani kwa ajili ya mchango.

Mama kama yuko kwenye kikoba aulize mfuko wa jamii, ule ni kwa ajili ya majanga na hamjapungukiwa heshima mkiuomba. Baadaye, siyo leo, akiwa na wenzake kwenye kikundi waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia ile asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ile haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inachukua muda kwa hiyo msiihesabie kwenye kodi ya mwezi ujao.

Na chakula. Acheni kununua kwa kupima kwa Mangi kila jioni, sukari robo, mafuta kijiko, unga nusu. Piga hesabu ya mwezi utaona kilo ile ile unailipa zaidi sana kuliko ukiibeba nzima. Tafuteni majirani wawili watatu mchange, nafaka mfuate Tandale, ndizi Mabibo, dagaa na samaki wadogo Feri asubuhi na mapema, mgawane nauli. Unga, maharage, dagaa, mchicha, mafuta, hivyo vitano vikiwepo ndani watoto wanakula vizuri kabisa miezi hiyo. Kitu cha kuuza kama italazimu kiwe TV au sabufa, isiwe cherehani ya mama wala zana yoyote mnayoweza kuingizia hela.

Usiku hulali kwa sababu yote umeyabeba kichwani. Kaa na mama, chukueni daftari, mwandike wanaodai wote na kiasi, na kila shilingi inayotoka mwezi huu. Na uniandikie ukishatoka NSSF, nataka kujua wamekujibuje.

SWALI: Anti bili ya maji imepanda mara mbili na watu nyumbani ni wale wale, mita imeharibika?

JIBU: Inawezekana ila anza na choo. Weka rangi ya chakula kidogo kwenye tenki la kuflashi usiku, asubuhi kabla hajaingia mtu angalia bakuli, ukikuta rangi imeshuka ile raba ya chini inayoziba maji imekufa, unabadilisha mwenyewe. Kama choo kizima, funga mabomba yote, andika namba za mita, kaa saa mbili bila kutumia maji uangalie tena. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hata namba nyekundu za mwisho zikisogea kidogo ni maji mengi kwa mwezi, fuata bomba uangalie palipo na unyevu au majani yaliyostawi peke yake. Zisiposogea kabisa, basi linganisha namba ya kwenye mita na ile waliyoandika kwenye bili. Zikipishana piga picha mita namba zionekane, upeleke ofisi ya maji pamoja na bili mbili za nyuma, na uwaombe waje wasome upya wewe ukiwepo.